Chai Katika Ofisi ya Mkuu wa Kitivo

Nilimpenda yule mzee kabla sijajua alichofanya. Nilipojua, sikuacha kumpenda, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo.

Alikuwa amekufa zamani. Nilikutana naye kwenye makabrasha, mwishoni mwa miaka ya tisini, nilipokwenda Durban kusomea uongozi wa elimu. Nyumbani Korogwe nilikuwa makamu mkuu wa shule ya sekondari, na wizara ilinipa ruhusa ya masomo. Msimamizi wangu wa tasnifu aliniambia kuna mtu ambaye hakuna aliyewahi kumwandika: mkuu wa kwanza wa kitivo katika chuo kilichofunguliwa mjini hapo mwanzoni mwa karne. Masanduku yake yalikuwa yamelala kwenye chumba cha nyaraka, yananuka nondo. "Andika maisha yake ya kazi," aliniambia. "Alifikaje pale, aliongozaje, aliacha nini."

Baba yake alikuwa fundi viatu katika mji mdogo wa Uskochi. Yeye alipelekwa Afrika Kusini kwa sababu ya kifua, daktari akiamini joto la Durban litamfaa. Akafundisha hesabu kwenye shule ya wavulana. Chuo kilipoanza, kwenye vyumba vya kukodi juu ya duka la mbegu, akaombwa asaidie jioni. Kwa kuwa hakujua kukataa kazi, mwaka haukuisha kabla hajawa pia mkutubi, mhasibu, na mtu wa kufungua milango asubuhi. Alipopewa ukuu wa kitivo hakubadilika. Alipanga ratiba, akagombana na baraza la chuo juu ya mabomba ya maji, akachagua mwenyewe mbao za madawati. Mafua makubwa yalipoingia mjini baada ya vita ya kwanza, aligeuza ukumbi kuwa wodi akawa analala mlangoni, juu ya kiti.

Na kila mwanafunzi aliyemaliza alimwandikia barua ya kumtambulisha kwa waajiri, kwa mkono wake, na hakuna barua iliyofanana na nyingine. Huyu ni mpole lakini usimpe funguo. Huyu atachelewa, lakini akifika atafanya kazi ya watu wawili. Nilikuwa nikisoma nakala zake huku nacheka peke yangu. Mimi nilijua maana ya kushinda na funguo za shule mfukoni, kuitwa kwa sababu choo kimeziba na hapo hapo mzazi anakusubiri nje analia. Nilimwona ni ndugu yangu wa kazi.

Nilipanga chumba mtaa wa Sydenham, nyuma ya nyumba ya mjane mmoja wa Kihindi, mwalimu mstaafu aliyekaribia miaka themanini. Nilimwita Anti, kama walivyomwita watoto wa mtaa ule. Yeye aliniita binti, ingawa nilikuwa na watoto wanaosoma. Tulizungumza Kiingereza, hapa naandika maneno yetu kama ninavyoyasikia kichwani. Chakula tulikula pamoja, kwa sababu alisema kupikia mtu mmoja ni kujionea huruma.

Jumapili moja asubuhi nilikuwa nimetandaza kazi yangu kwenye meza ya kulia, naye alikuwa anasukuma chapati upande wa pili. Nilitoa picha ya mkuu wa kitivo niliyoirudufu: mzee mwembamba, masharubu meupe, joho limemzidi mabega. Anti akaacha kusukuma.

"Huyu umemtoa wapi?"

"Ndiye ninayemwandika, Anti. Nilikuambia, mkuu wa kwanza."

"Hukuniambia ni yeye." Akafuta unga mikononi, polepole, kidole kimoja kimoja. "Alinifundisha."

Nilifurahi. Naona aibu kukumbuka nilivyofurahi. Nilivuta kalamu kabla hajavuta kiti.

Akanieleza. Kabla ya vita ya pili chuo, ambacho kilikuwa kimehamia mlimani, kilikuwa cha wazungu. Wahindi, Wazulu na machotara waliotaka shahada walisoma Jumamosi, mjini chini, kwenye madarasa ya shule ya msingi iliyofungwa wikiendi. Wahadhiri wengi walikataa kuja. Mkuu wa kitivo, ambaye umri wa kupumzika ulikuwa umeshamfikia, akaja mwenyewe. Alikuja kwa tramu, na mkoba, akakaa kwenye kiti cha mtoto, magoti yakiwa karibu na kidevu, akawafundisha hesabu mpaka jua linazama.

"Alikuwa mwema kwenu?" niliuliza.

"Sana. Ndiyo maana tulimwamini."

Walipofaulu, darasa la kwanza la Jumamosi, baraza la chuo halikutaka wapande jukwaani mbele ya familia za wazungu. Mkuu wa kitivo akamwita Anti ofisini kwake, yeye akiwa ndiye msichana pekee na ndiye aliyekuwa akikusanya kazi za wenzake. Akamwambia atawaandalia chai mle ofisini. Atavaa joho lake rasmi, atampa kila mmoja shahada yake mkononi, kutakuwa na keki. Akasema, nikiwapandisha jukwaani mwaka huu, mwaka kesho Jumamosi hakuna. Akamwomba akawaeleze wenzake.

"Nikawaeleza," Anti alisema. "Wakakubali. Isipokuwa mmoja."

Huyo mmoja alikuwa kijana wa Kizulu, hodari wa hesabu kuliko wote, ambaye mkuu mwenyewe alizoea kumkabidhi chaki na kwenda kukaa nyuma. Alisema shahada ya kunywea chai haitaki. Akaanza kuwageuza wengine, na wawili wakamsikiliza. Mkuu akamwita Anti mara ya pili. Baraza linataka jibu, alisema, na mimi nimeshawaambia mmekubali wote. Nani anawageuza?

Anti alisimama, akaenda kuzima jiko. Alirudi akabaki amesimama nyuma ya kiti chake.

"Nilimtaja. Jina na la baba yake."

Kijana hakuitwa kwenye chai. Shahada yake ikazuiwa mpaka atakapoomba radhi, naye hakuomba. Barua ya kumtambulisha hakuandikiwa. Bila barua hakuna shule iliyomchukua, akateremka bandarini, akawa karani wa kuandikisha wabeba mizigo. Anti alipewa barua nzuri, akapata kazi, akastaafu akiwa makamu mkuu wa shule, kama mimi.

"Na keki ilikuwepo," akasema. "Nilikula vipande viwili."

Kisha akanikataza kuandika hayo yeye angali hai, akaendelea na chapati zake.

Kwa majuma kadhaa nilishindwa kufanya kazi. Sura ya tasnifu yangu iliyohusu zile barua nilikuwa nimekwisha kuiandika, na nilikuwa nimeandika kwamba kila mwanafunzi alipewa. Nilijua sasa kwamba ni uongo, na aliyenikataza kuusahihisha ndiye aliyekuwa akinipakulia chakula kila siku. Nilikuwa nikila huku nakwepa macho yake. Yeye naye akawa anaongea sana juu ya bei ya nyanya.

Kazi yangu ilichapwa na Mkongomani mmoja aliyekuwa na kiduka karibu na Point, mtaa wa bandarini, kompyuta mbili na kadi za simu. Alikuwa amewahi kuwa mhadhiri msaidizi Lubumbashi, kabla ya mambo kuharibika kwao. Alikuwa akisoma anachokichapa, na alishampenda mzee wangu.

"Mama, huyu doyen yako njo mutu ya kazi," aliniambia mara nyingi, doyen kwao ni mkuu wa kitivo. "Kwetu doyen alikuwa anasema tu, oui, Excellence, ndiyo Mheshimiwa."

Siku moja nilimweleza yote, bila kutaja jina la Anti. Akaondoa vidole kwenye kompyuta.

"Eish. Na ule mama anasema nini, uandike ao usiandike?"

"Anasema nisubiri mpaka afe."

"Na ule mutu wa port? Yeye iko hai?"

Nilikuwa nimemfikiria Anti usiku na mchana. Nilikuwa nimemfikiria mkuu wa kitivo, jinsi ya kumtetea, jinsi ya kumlaumu bila kumvunjia heshima. Nilikuwa nimefikiria sura yangu ya nne. Yule kijana aliyenyang'anywa shahada sikuwahi kumpa umri. Kichwani mwangu alikuwa bado amesimama pale kwenye darasa la Jumamosi.

Jioni nilimwuliza Anti.

"Yu hai," alisema, bila kuniuliza nani. "Anaishi Point, kwa binti yake muuguzi. Huwa namwona kwenye mazishi ya walimu. Napita upande mwingine."

"Anajua?"

"Anajuaje? Tulikuwa wawili mle ofisini, na mmoja amekufa."

Nadhani kunyamaza kwangu kulimchosha kuliko maneno, kwa maana kabla mwezi haujaisha alitoka chumbani kwake Jumamosi moja amevaa sari ya kijivu, ile ya kwendea hekaluni, na funguo za gari mkononi.

"Vaa viatu," aliniambia.

Alikuwa na Mazda kuukuu ambayo aliendesha kwa gia ya pili tu. Alisimama kwenye robot, taa za barabarani, ingawa ilikuwa ya kijani, mpaka nyuma yetu wakaanza kupiga honi, na teksi moja ikatupita dereva akitutukana kwa Kizulu. Anti hakusikia. Midomo yake ilikuwa ikicheza, anafanya mazoezi ya maneno. Jengo la Point lilikuwa la zamani, rangi imebabuka kwa chumvi, lifti imekufa. Alipanda ngazi akishika ukuta, na kila tulipofika kwenye ubaraza alisimama, nami nikamwambia tunaweza kurudi. Nilitumaini atakubali.

Binti mtu alitufungulia akiwa bado kwenye sare ya kazi. Baba yake alikuwa amekaa dirishani, mzee mrefu aliyekonda, blanketi magotini. Dirisha lilielekea bandarini, na winchi zilikuwa zikiinua makontena.

"Mwalimu," alisema, bila kunyanyuka. "Huwa nakuona kwenye mazishi. Unapenda kukaa karibu na mlango."

Binti yake akatuletea viti. Nilijitambulisha kwamba natoka Tanzania, nasoma. Akaniambia "karibu," kwa Kiswahili, neno aliloachiwa na mabaharia, na uso wake ukafunguka kidogo. Alipomgeukia Anti ukafunga tena.

Anti alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Maneno aliyoyafanyia mazoezi yote yalimpotea.

"Ni mimi niliyekutaja," alisema.

"Najua."

"Nani alikuambia?"

"Yeye. Au niseme, alinyamaza nilipomwuliza."

Akatusimulia, macho yakiwa kwenye winchi. Mkuu wa kitivo alipostaafu, siku moja ya mvua aliteremka bandarini na kuingia kwenye ofisi ya kuandikisha wabeba mizigo. Mzungu mzee, kofia mkononi, akasimama mbele ya meza ya karani mweusi, makuli wote wakitazama. Alitoa shahada iliyofungwa kwenye kitambaa cha mpira. Akasema, nilikukosea. Akasema aliambiwa kuwa ni yeye anayewageuza wenzake, na akamwadhibu bila kumsikiliza, kwa sababu alikuwa anaogopa baraza.

"Nikamwuliza, uliambiwa na nani? Akatazama kofia yake. Lakini aliyekuwa akiitwa ofisini kwake tulimjua wote."

"Ulimsamehe?" niliuliza. Halikuwa swali langu kuuliza.

"Nilimwambia aiweke mezani, aende. Kulikuwa na meli ya mchele inasubiri watu." Akakuna blanketi kwa ukucha. "Isitoshe, shule zilikuwa zinataka ile barua yake. Barua hakuileta. Nafikiri haikumjia akilini. Mtu aliyeandikia watu barua maisha yake yote."

Binti akaingia na chai. Anti alipokea kikombe chake, akakiweka chini bila kukinywa.

"Lakini alikuja," mzee akasema, na sasa alikuwa akimtazama Anti moja kwa moja. "Yule alikuja, Mwalimu. Mkubwa kama yule, mbele ya makuli. Wewe ulikuwa Sydenham. Basi la Sydenham lilikuwa linafika mjini kila siku."

Hakupandisha sauti. Binti yake alisimama na sinia, hajui aweke wapi. Anti aliinamisha kichwa, nikaona pale mvi zake zilipogawanyika, ngozi imeiva kwa damu iliyompanda kichwani.

"Nisamehe," alisema.

"Leo siwezi kukujibu. Nikikujibu leo nitakuwa nakujibu kwa sababu umekaa kwenye kiti changu na umepanda ngazi. Njoo siku nyingine."

Kisha akanigeukia mimi. "Wewe, mntanami, mwanangu, ndiye unayeandika? Andika. Na uandike kwamba alikuja. Jina la huyu unaweza kuliacha."

Ndani ya gari Anti alikaa na mikono kwenye usukani. Kijana wa kulinda magari alikuja dirishani, akatutazama, akaondoka bila kudai chochote. Nilitaka kumfariji, na kila neno nililolifikiria lilikuwa la kujifariji mimi. Ni mimi niliyemleta yule mzungu mezani kwake siku ya chapati.

"Miaka yote nilikuwa najiambia hajui," alisema hatimaye. "Nilikuwa namwonea huruma. Unasikia? Mimi, namwonea huruma yeye." Akawasha gari.

Alirudi Point peke yake, juma lililofuata. Walizungumza juu ya hesabu, aliniambia, juu ya swali moja la mtihani ambalo yeye hakuliweza na yule mzee alikuwa bado analikumbuka. Mara ya pili binti alisema baba amelala. Mara ya tatu pia. Majira ya baridi mzee alifariki, na lile jibu alilosema atalitoa siku nyingine hakulitoa. Kwenye mazishi binti yake alimkumbatia Anti kwa nguvu mbele ya watu. Tuliporudi nyumbani Anti aliniambia alitamani asingemkumbatia.

Nikaandika, na Anti hakunikataza tena. Msimamizi wangu alisita, akasema hayo ni masimulizi ya wazee wawili, hakuna karatasi, niyaweke mwishoni kabisa kwenye kiambatisho. Nikamwambia karatasi hakuna kwa sababu aliyekuwa na kawaida ya kuandika safari hii hakuandika. Akaniachia.

Sura ilipokamilika nilimsomea Anti, kwa kuwa macho yake hayakuweza tena maandishi madogo. Alikaa kwenye kochi na mikono mapajani kama mwanafunzi. Nilisoma sehemu ya chai. Nilisoma kwamba "jina la mwanafunzi huyo likamfikia mkuu wa kitivo."

"Rudia hapo."

Nikarudia.

"Lilimfikiaje? Lilitembea?" Hakuwa anatania. "Jina halina miguu, binti. Andika kwamba mwanafunzi wa kike aliitwa, akaulizwa, akamtaja."

"Nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka. Umekula kwangu miaka miwili. Andika."

Nikalikata lile neno mbele yake kwa kalamu, nikaandika alivyosema, nikamsomea. Akatikisa kichwa kukubali, akaniambia niendelee. Nikaendelea, lakini kila mstari sasa niliusikia kwa masikio yake. "Ilionekana yafaa sherehe ifanyike kwa utaratibu tofauti." Ilionekana na nani? "Shahada yake haikutolewa kwa wakati." Nani hakuitoa? Nilikuwa nimemwonea Anti huruma mahali pamoja. Yule mzee wa masharubu nilikuwa nimemwonea huruma ukurasa baada ya ukurasa, na sikuwahi kujua. Kwa Kiingereza kizuri cha kiofisi, ambacho nami nimekitumia kufukuza watoto shule kwa ada, nilikuwa nimemtoa kwenye kila chumba alimotenda kosa, nikamrudisha palipokuwa na mafua na mabomba ya maji.

Jumatatu nilikwenda kwenye kiduka cha Mkongomani na karatasi zimejaa wino mwekundu.

"Mama! Tena unabadilisha?" alilalamika. "Hii ilikuwa imeisha."

"Haikuisha. Andika hapa: aliwazuia. Na hapa: alimnyima. Hapa pia: aliogopa, akamwadhibu."

Alichapa karatasi kwa karatasi, mpaka tukafika kwenye ile ya mvua na kofia.

"Na hapa?" aliuliza. "Hapa hujagusa kitu."

"Hapo acha ilivyo," nilisema. "Alikwenda."